Taarifa ya mwenyekiti: zile pistoni za C100

Ndugu wanachama, mambo ya hesabu mtapewa na mhazini, mi naanza na lile mnalonisubiri nalo. Ndio, pistoni za pikipiki zetu za Honda C100 tuliagiza kwa pesa ya chama, zikafika, na hazikuingia kwenye mashine hata moja. Kosa ni la kamati na wa kwanza kwenye kamati ni mimi, niliandika "C100" kwenye oda nikadhani nimemaliza kazi.

Sasa iko hivi, C100 ya zamani, ile Super Cub ya kwanza iliyotoka Agosti 1958, injini yake ina ujazo wa cc 49 tu, hiyo mia ni jina. Baadaye sana Honda wakalirudia jina hilohilo kwenye mashine ya cc 97 na ndo spea zake tulizoletewa, aliyetuuzia alitupa tulichoandika, hatuna kesi naye. Na kufikia 2017 Cub zilishatengenezwa zaidi ya milioni 100, kwa hiyo kuulizia "spea ya Cub" ni kama kwenda Kariakoo ukaulizia Juma.

Wengi wenu mnaojiita wa C100 mna C50, Cub nyingine ya Honda, ya 1966 na kuendelea. Cc ni zilezile 49, ila C100 valvu zake zinasukumwa na pushirodi, yaani vijiti vya chuma, na silinda ina upana wa milimita 40, C50 kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, imehamia juu kwenye silinda hedi, inazungushwa na cheni, na upana ni 39. Milimita moja jamani! Angalia silinda hedi ubavu wa kushoto, ukikuta kifuniko kikubwa cha duara ujue ndani kuna cheni, hiyo sio C100 ya 1958. Halafu futa grisi usome namba ya injini, inaanza na C50E au C100E.

Nikiwa kwenye kutafuta haya nikakuta Fujisawa, mshirika wa mzee Honda mwanzilishi wa kampuni upande wa biashara, alitaka kijana wa kupeleka tambi aweze kuiendesha Super Cub kwa mkono mmoja, wa pili umebeba chakula, ndo maana haina mkono wa klachi, ukikanyaga gia klachi inajiachia yenyewe. Nilicheka, maana kwenye msafara wetu wa Juni kuna mtu alikuja na trei ya mayai hivyohivyo na hakuna lililopasuka.

Kuanzia sasa hakuna oda bila picha ya namba ya injini. Pistoni ziko kwangu kwenye boksi, mwenye jirani ana ile ya cc 97 anione, bei tutaongea.