Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti (Machi 2025): winta hii hatukufunga shughuli

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wazungumzaji wa Kiswahili hapa Helsinki, Finland, shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu mambo vipi, na mnaofunga, Ramadhani Karim. Naituma hii mapema muisome kwenye simu kabla ya mkutano mkuu, maana mwaka jana nilisimama nikasoma karatasi nne chakula kikapoa na watoto wakaanza kulia, mwaka huu nataka tukishafuturu tuzungumze tu. Hesabu za pesa atazieleza mweka hazina mwenyewe, mimi naongelea kazi.

Wengi mnakumbuka tulivyokuwa. Tangu tuandikishe chama shughuli zetu zote zilikuwa za kiangazi, nyama choma ufukweni, mpira, Siku ya Kiswahili tarehe 7 Julai, halafu Novemba ikiingia kila mtu anajifungia kwake mpaka Aprili. Hata kamati ilikuwa haikutani. Tulikuwa tunaambiana "ngoja baridi ipite". Mwaka jana mwezi wa kumi mama mmoja akasimama kwenye kikao, simtaji, akasema winta ya kabla yake alikaa wiki tatu nzima bila kuongea Kiswahili na mtu uso kwa uso, zamu za usiku, anatoka kazini giza anaamka giza, simu anapiga nyumbani lakini anawaficha hali yake wasiogope. Na anakaa stesheni nne tu za metro kutoka kwangu. Jamani mimi usiku ule sikulala, kwa sababu chama kipo, namba yake ninayo, na sikumpigia hata siku moja. Wiki iliyofuata kamati ikaamua winta hii hatufungi.

Mjue giza la hapa Helsinki si la mchezo. Tarehe 21 Desemba jua linachomoza kama saa 3:24 asubuhi na kuzama saa 9:13 alasiri, saa sita hazitimii, na mara nyingi mawingu yamefunika kwa hiyo hata hizo huzioni. Kaskazini kabisa kule Utsjoki halichomozi kabisa tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, Wafini wanaita kaamos. Mimi nadhani linatuumiza sisi kwa namna yake kwa sababu hata saa zetu tumezihesabu kwa jua, saa moja ni saa moja tangu kupambazuke, mtoto wa Tanga au Bukavu anajua hilo kabla hajajua kusoma. Hapa saa moja ya asubuhi ni usiku, saa kumi jioni ni usiku, mwili unakosa pa kushika. Ndiyo maana nawaambia tusiwaite wenzetu wavivu wakiacha kutoka nje.

Sasa nilichojifunza mwaka huu ni kwamba wenyeji wenyewe hawasubiri baridi ipite, mambo yao makubwa wameyaweka hukohuko gizani. Tarehe 6 Desemba siku ya uhuru wao, wa 1917, saa 12 jioni kila nyumba inaweka mishumaa miwili dirishani, wanafunzi wanaandamana na mienge kutoka makaburi ya Hietaniemi mpaka Uwanja wa Seneti. Katibu wetu ndiye aliyeona jambo ambalo miaka yote lilikuwa mbele ya macho yetu, tarehe 6 ni Finland, tarehe 9 ni Tanganyika 1961, tarehe 12 ni Kenya 1963. Wiki moja! Basi Jumamosi ya tarehe 7 tukafanya sherehe moja ya wote, na ndugu zetu Wakongomani na Warundi ambao uhuru wao unaangukia Juni na Julai wakasema hatutakaa pembeni kama wageni, wao ndio walioleta muziki. Tulianza na mishumaa miwili dirishani kwa adabu za hapa, halafu pilau, chapati, sombe na samaki, halafu rumba mpaka saa tano usiku. Jirani Mfini wa ghorofa ya juu alishuka kuuliza kuna nini, tukampa sahani, akakaa mpaka mwisho. Alituambia sauna yao iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO Desemba 2020, kijana wetu mmoja akamjibu rumba ya Kongo nayo iliingia Desemba 2021, na mazungumzo yakawa hayaishi tena.

Lakini kilichonigusa kuliko vyote ni tarehe 24 Desemba. Hapa mkesha wa Krismasi familia zinakwenda makaburini kuwasha mishumaa, ukifika jioni theluji yote inang'aa. Makaburi mengi yana sehemu maalum kwa ajili ya wale waliozikwa kwingine, yaani kama mama yako kalala mbali na huwezi kufika, unawasha pale. Mimi nimekaa nchi hii miaka mingi sikujua. Tulikwenda watu kumi na kitu, tukatawanya mishumaa, kila mtu akataja jina la mtu wake na mahali alipolala, Mombasa, Uvira, Kigoma, Kisangani, Makambako. Waislamu wetu hawakuwasha, walisoma Fatiha, Wakristo wakaimba kidogo, hakuna aliyemsukuma mwenzake. Mzee wetu mmoja ambaye alikosa mazishi ya kaka yake wakati wa korona alisimama pale muda mrefu sana na sisi tukamsubiri. Baridi ilikuwa kali, hakuna aliyesema twendeni. Naomba hili lifanyike kila mwaka hata nikiacha uenyekiti.

Januari tulitoka kuangalia taa za Lux Helsinki, watoto walifurahi, picha ziko kwenye grupu.

Baraza letu la wiki tuliliweka Oodi. Kwetu pwani baraza ni ile sehemu ya kukaa nje ya nyumba ambapo watu wanakaa jioni kupiga soga na kupokea habari, huku nje hukaliki, basi ikabidi tutafute nyumba ambayo mtu anaingia bila kuulizwa wewe nani na bila kununua kahawa. Nyumba hiyo ni maktaba. Oodi ilifunguliwa tarehe 5 Desemba 2018, mkesha wa uhuru, na imesimama kulitazama bunge, katikati ni uwanja tu. Sheria ya maktaba ya hapa imeandika kabisa kwamba kazi ya maktaba ni pamoja na kukuza uraia na demokrasia, kwa hiyo tusiingie kama tunaomba, ni haki yetu. Kina mama walitumia cherehani za ghorofa ya pili kushona vitenge, wengine walileta barua za ofisini tukasomeana, na yule mama wa zamu za usiku alikuja wiki ya tatu akabaki, sasa ndiye anayefundisha vijana kushona.

Kosa letu moja lilikuwa Februari. Tulisahau kuthibitisha ukumbi kwa ajili ya usiku wa taarabu, tukafika tukakuta milango imefungwa, watu wamesimama kwenye theluji na kanga zao. Ni uzembe wa kamati na mimi ndiye wa kwanza kulaumiwa. Mliotoka Espoo na Vantaa mkaishia kurudi, naomba msamaha wa dhati, nauli zenu zitarudishwa.

Kitu kingine ni talkoot, kazi ya kujitolea kwa pamoja. Neno lao hilo ni lilelile letu, Tanzania tunasema msaragambo, Kenya harambee, Kongo salongo, Rwanda umuganda. Vijana wetu walijitolea kuzoa theluji kwenye ngazi za wazee wa mtaa, si wetu tu, wazee wowote. Mwanzo walifikiri watu watashangaa na kweli walishangaa siku ya kwanza, siku ya pili bibi mmoja alitoa kahawa na keki na kuwauliza majina.

Haya, la uraia. Uchaguzi wa halmashauri ni Jumapili tarehe 13 Aprili 2025, kura za mapema ni tarehe 2 mpaka 8 Aprili. Wengi wetu tunaamini kura ni ya wenye pasipoti ya Finland, hapana, huo ni wa bunge na wa rais. Wa halmashauri hata mgeni anapiga akishatimiza miaka 18 na makazi yake yameandikishwa nchini miaka miwili mfululizo. Hapa Helsinki tunachagua madiwani 85 tu, miji ya jirani watapiga mbili siku hiyohiyo, ya halmashauri na ya eneo la huduma za afya. Karatasi haina majina wala picha, unaandika namba ya mgombea mwenyewe, na namba zinaanzia 2. Tulifanya mazoezi barazani kwa karatasi za bandia, moja na saba ziandikwe zitofautiane, kuna mzee alipiga kura ya bandia mara tano akacheka akasema sasa nimeiva. Chama hakina mgombea na hakitasema umpe nani. Ila shule za watoto, maktaba hiyo tunayoisifia, nyumba za wakazi, yote yanaamuliwa na hao 85, na sisi tumeishi hapa kama hayatuhusu.

Na angalieni lugha mlizoandikisha watoto. Rejista inapokea lugha mama moja tu, na najua wengi mliandika Kiingereza mkidhani kitawasaidia shuleni. Takwimu za nchi zinahesabu kwa rejista hiyo. Chuo Kikuu cha Helsinki kina hazina ya maandishi ya Kiswahili yenye maneno kama milioni 25, wasomi wa hapa waliihangaikia lugha yetu miaka na miaka, halafu sisi wenyewe kwenye karatasi hatupo. Kubadilisha inawezekana, katibu atawaonyesha fomu.

Kamati inaomba Novemba hii baraza lianze mapema zaidi, wiki ya kwanza, na kila mwanachama apewe majina mawili ya kupigia simu kila Jumapili mpaka Machi. Orodha nitakuja nayo kwenye mkutano, anayekaa peke yake aandikwe kwanza. Halafu tarehe 2 Aprili nahitaji watu watatu wenye magari wa kuwapeleka wazee kupiga kura ya mapema, aliye tayari anitumie meseji leo, na waambieni wazee wasisahau kitambulisho.