Barua ya wazi: Mheshimiwa, hao uliowataja walitafutwa

Kwako Mheshimiwa,

Assalaam alaykum, na pole na kazi. Jina lako silitaji na cheo chako sikiandiki, mama amenikataza, lakini ukisoma utajijua. Ni wewe uliyekuwa barazani Jumamosi iliyopita, chini ya turubai. Niliinua mkono nikauliza habari za mdogo wangu aliyepotea, ukatabasamu, ukasema: "Dada yangu, hata Amelia Earhart hajapatikana. Hata ndege ya Malaysia. Dunia ina mambo yake." Watu wakacheka. Nikaketi.

Mimi ni muuza mahamri na mbaazi, mambo ya Amelia siyajui. Usiku ule nikamwomba mwanangu wa kidato cha tatu anitafutie kwenye simu, anisomee huku nikikanda unga. Kumbe umenisaidia, ahsante.

Bibi huyo, rubani wa Kimarekani, aliruka na ndege yake kutoka Lae, Guinea Mpya, tarehe 2 Julai 1937, yeye na mwongoza njia wake Fred Noonan, wakielekea kisiwa cha Howland, katikati ya bahari ya Pasifiki. Hawakufika. Marekani ikapeleka meli, ikaileta na Lexington, ile manowari ya kubeba ndege, wakaichana bahari mpaka tarehe 19. Hizo ni zaidi ya wiki mbili, Mheshimiwa. Wiki mbili za kwanza za mdogo wangu niliambiwa "njoo kesho" mara tisa. Nazikumbuka kwa sababu kila kwenda ni sinia la mahamri lililolala.

Na ndege ya Malaysia? Ilipotea 8 Machi 2014 na watu 239. Walipekua chini ya bahari kilomita za mraba 120,000 mpaka Januari 2017. Juni 2016 bahari ikatupa kipande cha bawa hapo Pemba, jirani zetu, zinakotoka karafuu. Wataalamu wakakikagua, wakasoma nambari zilizopigwa ndani yake, wakasema ndicho. Mwaka 2025 Malaysia ikakubali kampuni ianze kutafuta upya, kwa dola milioni 70, na sharti ni kwamba wasipoona hawalipwi. Hapo mwanangu alisita, akanitazama. Sikusema kitu. Ila nakuuliza wewe: sharti kama hilo lingewekwa kwenye mshahara wako, tungekuwa wapi leo?

Nakukumbusha tu, huenda umesahau, una mengi. Mwaka juzi ulikuja kwetu, ukavua viatu, ukaketi kwenye mkeka wa mama. Ukamwambia, "Mama, nipe siku 14." Sharubati ya ukwaju uliimaliza yote. Siku zako 14 sasa zimeingia mwaka wa tatu.

Yaliyotokea unayajua, au yamo kwenye faili. Alitoka na tuktuk baada ya isha. Alfajiri tuktuk ikakutwa upande wetu wa Likoni, si mbali na feri, ufunguo mahali pake, chupa ya chai nusu, ndara moja chini ya kiti. Moja tu. Mwenye tuktuk akaja saa tatu asubuhi akaichukua, akaipeleka kuoshwa. Hakuna askari aliyemwambia asiioshe. Ndara ninayo mimi, nimeifunga kwenye leso.

Watu wana yao. Jirani anasema ni deni la tuktuk. Wengine wanasema vijana wa mapanga. Mama anashikilia gari jeupe lililopita mtaani mara mbili wiki ile, na mimi siku nyingine namwamini. Ikiwa alikamatwa na wenzako, Katiba ya Kenya ya 2010 inasema saa 24 awe mbele ya hakimu, na siku haijageuka kuwa mwaka bila sisi kuambiwa. Ikiwa ni wahalifu, basi ni kazi yako vilevile. Kwa vyovyote unahusika, Mheshimiwa.

Mkewe hajui akae eda au asikae. Hitima hatujasoma. Tumeambiwa sheria humhesabu mtu amekufa akikosa kusikika miaka 7, ndiyo sasa tunahesabu miaka kama wanaolipa mkopo. Mwanangu ananiambia Australia ilimpoteza waziri mkuu wake, Harold Holt, alipoingia kuogelea Desemba 1967 asitoke. Mwili haukuonekana. Lakini mwaka 2005, miaka 38 baadaye, uchunguzi rasmi uliketi, ukaandika kwamba alizama. Karatasi ilitoka. Najua, yule waziri mkuu na huyu dereva wa tuktuk. Najua.

Juzi Jumanne nimepiga nambari ya mdogo wangu, kama nifanyavyo kila Jumanne, nimsikie yule bibi wa mitambo akisema mteja hapatikani. Ikaita. Mheshimiwa, ikaita! Mama akatoka chumbani bila mtandio. Akapokea msichana, mpole, akasema laini ameinunua mwezi uliopita. Nikamtaka radhi, nikakata. Hata nambari wamempa mtu mwingine. Mama hajala vizuri tangu siku hiyo.

Nilianza barua hii nikiwa na madai mengi. Nilitaka faili lifunguliwe, nilitaka picha za kamera za feri, ingawa najua zimeshafutwa, nilitaka uombe msamaha mbele ya baraza lilelile. Nilitaka nione ule ukurasa wa OB, kitabu cha matukio cha polisi, maana nambari niliyoandikiwa nyuma ya risiti naambiwa ni ya kitabu kilichojaa, kimewekwa stoo, na mwenye ufunguo amehamishwa. Yote hayo nimeyafuta na kuyaandika tena, nimechoka.

Nataka moja. Kuna muuza kahawa, hatua kama arubaini kutoka pale tuktuk ilipokutwa. Usiku ule alikuwepo. Mimi aliniambia kitu, kisha akaniambia nisimtaje mpaka aulizwe na serikali. Ameisubiri serikali mwaka wa tatu huu, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumuuliza. Kutoka ofisini kwako kuna bahari ya kuvuka, ni kweli, lakini feri haitozi wanaokwenda kwa miguu.

Anakuwepo kila siku baada ya magharibi, na dele lake jeusi. Mtume mtu, hata mmoja, hata asiye na sare. Kahawa nitalipa mimi.

Wako kwa heshima,
Dada yake, Likoni