Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Umoja wa Watumishi Waandamizi

Ndugu wanachama,

Vikao vya kamati, semina ya wanaokaribia kustaafu na ziara za kuwafariji wafiwa vilifanyika kama ilivyopangwa, na Katibu ameshaviorodhesha.

Suala lililozua maneno ni barua yangu. Baada ya chama tawala kushindwa uchaguzi na serikali mpya kuwaondoa makatibu wakuu na wakurugenzi, baadhi yenu mlitaka Umoja uwatetee wote mahakamani. Nilikataa kwa barua hiyo, na sahihi iliyomo ni yangu. Tuliwatetea walioondolewa bila kuelezwa kosa, lakini hatukuweza kumtetea mtumishi aliyepanda jukwaani na fulana ya chama ilhali bado ameshika ofisi ya umma, kwa kuwa aliyekifunga cheo chake kwa mgombea amekubali mwenyewe kuanguka naye. Nilionya hayo kabla ya kampeni kuanza, ingawa muhtasari wa kikao haukuyaandika.

Walioniita msaliti wakumbuke kwamba Marekani iligawa vyeo kwa wafuasi wa washindi kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 1881 Rais James Garfield alipopigwa risasi na mtu aliyeamini kuwa anadaiwa cheo kwa kumfanyia kampeni. Ndipo sheria ya mwaka 1883 ikaanza kuwaajiri baadhi ya watumishi kwa mitihani. Hata leo nafasi zipatazo 4,000 huko ni za uteuzi wa kisiasa, na wanaozishika wanajua wataondoka na aliyewateua. Uingereza, ilikotolewa mwaka 1854 ripoti ya Northcote na Trevelyan iliyotaka watumishi waajiriwe kwa sifa na mitihani, katibu mkuu wa wizara kwa kawaida hubaki mawaziri wanapobadilika, kwa sharti la kutoegemea upande. Wenzetu waliopanda jukwaani walitaka usalama wa mfumo wa pili baada ya kufaidi ule wa kwanza.

Kati ya wanachama 146, waliolipa ada ni 58, na kikao cha dharura kuhusu suala hilihili kilihudhuriwa na 23, hivyo akidi haikutimia. Walionilaumu kwa sauti kubwa hawakuonekana, na wakili bado anatudai.

Mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kuiomba serikali ibainishe nafasi zipi ni za kisiasa na zipi ni za utumishi wa kudumu. Mhazini yupo mlangoni na kitabu cha stakabadhi.