Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: kabla hujagonga muhuri kampuni ziungane, uliza kwanza klemu (madai ya kulipwa) za zamani ziko wapi

Mheshimiwa Kamishna,

Salamu kutoka Nakuru. Mimi ni ajenti wa bima, huu ni mwaka wa 14, ofisi yangu ni meza moja na kabati ghorofa ya pili karibu na stegi ya matatu, na leseni yangu naiomba kwenu kila mwaka bila kukosa kwa hivyo kwa makaratasi tunajuana hata kama hatujawahi kuonana. Nimeandika wazi hivi kwa sababu barua za kawaida nishaandika nyingi, na pia kwa sababu hii maneno si yangu pekee, ni ya kila mtu mwenye kava ya gari, kadi ya matibabu ama polisi, yaani mkataba wa bima, ya elimu ya mtoto.

Saa hii sokoni kuna minong'ono ya kampuni kutaka kuungana. Sisi maajenti huwa tunajua mapema kabla magazeti hayajaandika, sababu unaona tu branchi imepata wageni, vijana wa suti na laptopu zao wanakaa wiki mbili, unaombwa orodha ya wateja wako wote, unaulizwa ni wangapi hurudi kukata kava tena kila mwaka, ni wangapi wanalipa kwa awamu, ni gari ngapi za biashara na ngapi za nyumbani. Hao ni watu wa wawekezaji, wale wenye fandi, yaani mifuko ya pesa za uwekezaji, wanapima kama kampuni hii ikibebwa pamoja na ile itakuwa na faida gani. Nimepitia hayo mara mbili katika hii kazi. Mara zote mbili nilijibu maswali yote, na mara zote mbili hakuna aliyeniuliza swali moja tu, ni wateja wako wangapi wanangoja kulipwa na wamengoja tangu lini?

Hilo swali ndilo nakuomba uulize wewe, kwa sababu sheria imekupa uwezo na wao haijawalazimisha.

Nisieleweke vibaya, mimi sipingi kampuni kuungana. Kenya tuko na kampuni za bima zaidi ya 50 zinang'ang'ania keki ndogo sana, primiamu zote, yaani pesa wateja wanalipia kava, tukizijumlisha hazifikishi hata asilimia 3 ya uchumi wa nchi, na matokeo yake tunayaona huku chini kila siku, kampuni inakuja inauza kava ya matatu kwa bei ambayo hata mtoto wa shule ya msingi akipiga hesabu anajua haitoshi kulipa ajali moja ya maana. Kampuni ndogo tano zenye njaa ni hatari kuliko moja kubwa iliyoshiba. Na muungano unaweza kwenda vizuri, tumeona, APA ilizaliwa 2003 kutoka kwa Apollo na biashara ya Pan Africa na hadi leo ipo, ICEA na Lion of Kenya zikawa nyumba moja. Serikali yenyewe ilipopandisha mtaji wa chini hadi milioni 600 kwa bima za kawaida na milioni 400 kwa bima ya maisha, ujumbe ulikuwa wazi kwamba mdogo atafute mwenzake ama atafute mwenye pesa.

Shida yangu iko kwa huyu mwenye pesa, na wala simwiti mwizi, nasema tu saa yake na saa ya mteja wangu hazitembei pamoja. Angalia kampuni ya bima ya UAP. Fandi tatu, Abraaj, AfricInvest na Swedfund, ziliingia 2012, na kufika 2015 zilikuwa zimeuzia Old Mutual na kuondoka. Miaka mitatu hivi. Ni biashara halali kabisa, fandi imekopa imani ya watu wengine na lazima irudishe pesa kwa muda waliokubaliana, hakuna anayeweza kuilaumu kwa hilo. Lakini sasa chukua abiria aliyevunjika paja kwa ajali, kwanza alazwe, kisha atafute abstrakti ya polisi, aende kwa daktari wa kupima ulemavu, wakili afungue kesi, kesi itajwe, iahirishwe, hakimu ahamishwe, ianze tena. Hiyo miaka mitatu inaisha kama hata ushahidi haujasikizwa. Mwekezaji ameingia, amekaa, ameuza, amesafiri, na yule abiria bado yuko kwa foleni na magongo yake.

Na hapo katikati ndipo kuna kitu ambacho wateja wengi hawakijui. Ajali ikiripotiwa kampuni inafungua faili na inakadiria, hii itatugharimu laki tano, ile milioni moja, na hiyo pesa inawekwa kando kama akiba ya madai. Ni makadirio ya binadamu. Ukikadiria chini kidogo kila faili, laki tano ukaandika laki mbili, basi faida ya mwaka inapendeza, mizania inang'aa, na siku ya kuuza bei inapanda. Hakuna mtu ameiba shilingi. Ila baada ya miaka minne korti ikisema laki tano, hiyo laki tatu inayokosekana lazima itoke mahali, na yule aliyeuza kwa bei nzuri hayupo. Anayebaki ni kampuni mpya inayoanza kusema faili haionekani.

Kampuni ikianguka kabisa ndio mbaya zaidi. Wewe una majina yote kwa ofisi yako, Kenya National Assurance 1996, United 2005, Standard Assurance 2009, Blue Shield 2011, Concord 2013, Xplico 2023, na Invesco ambayo korti iliifunga 2024 na ilikuwa imebeba matatu nyingi sana. Kampuni ya bima ya Resolution iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria Aprili 2022 na ilikuwa na fandi kubwa ya kimataifa kama mwenye hisa wengi, nasema hivyo bila kudai fandi ndio iliiangusha maana sikuwa kwa vikao vyao, nasema tu kuwa na mwekezaji mkubwa nyuma si kinga, na nyinyi mnajua zaidi yangu.

Wacha nikuambie ya mteja wangu mmoja, kampuni sitaitaja na yeye simtaji.

Ni mama, alikuwa na matatu moja ya watu 14, alinunua kwa mkopo wa sacco baada ya kuuza shamba la urithi. Alilipa kava kwangu kila mwezi, hakuwahi kuchelewa hata siku moja, mimi ndio nilikuwa nampelekea stika zile za karatasi kabla hazijakuwa za simu. Gari likapata ajali barabara ya kwenda Naivasha, abiria wanne wakaumia, mmoja vibaya. Tukaripoti siku hiyo hiyo, dereva akaandika maelezo, asesa akaja akapiga picha, kampuni ikakubali kwa barua kwamba kava ilikuwa hai. Kesi zikaendelea. Katikati ya hizo kesi kampuni ikachukuliwa na wawekezaji, ikaunganishwa na nyingine, jina likabadilika, branchi ya Nakuru ikafungwa, wakili wa kampuni akaacha kufika kortini kwa sababu, alivyoniambia mwenyewe kwa simu, hajalipwa na wenye kampuni wapya na hajui kama bado ana kazi. Hukumu ikatoka dhidi ya yule mama, sababu kisheria anayeshtakiwa ni mwenye gari, bima inafuatwa nyuma. Tukaandika barua. Tukaambiwa faili iko kwa timu ya mpito. Tukaandika tena, tukaambiwa madai ya kabla ya tarehe fulani yanakaguliwa upya. Niliandika barua 11, nakala zote ninazo.

Dalali alikuja kuchukua gari kwa ajili ya hiyo hukumu, asubuhi kabla halijatoka stegi. Nilisimama pale na yule mama tukiangalia gari likivutwa, na makanga wake akinishika mkono ananiuliza, aunty si ulisema tuko na bima? Sikuwa na la kumjibu. Hadi leo sina.

Sasa Mheshimiwa, najua utasema kuna Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, na ni kweli, kwa kila risiti ninayoandika naona ile asilimia 0.25 ya mfuko imekatwa kwa mteja, pamoja na ile 0.2 ya mafunzo na shilingi 40 ya stempu. Lakini huo mfuko unaamka kampuni ikishakufa. Kampuni iliyobadilisha jina haijakufa, inapumua na inauza kava mpya, kwa hivyo mteja wangu hakuwa na mlango wa kubisha. Na hata ungeamka, kiwango tumekuwa tukiambiwa ni shilingi 250,000 kwa dai wakati sheria ya magari inasema mtu mmoja aliyeumia anaweza kulipwa hadi milioni 3. Hiyo tofauti analipa nani kama si mwenye gari?

Ninachoomba hakihitaji Bunge. Muhuri wa kampuni kuungana ni wako. Kabla hujaugonga, iambie kila upande ulete orodha ya klemu zote ambazo zimekubaliwa na hazijalipwa zaidi ya zile siku 90 za sheria, pamoja na hukumu zote za korti zilizo wazi, na mtu huru asiyelipwa na mwekezaji aangalie kama ile akiba ya madai inatosha kweli. Kisha hizo za zamani zilipwe kabla ya muungano, ama pesa yake iwekwe kwa akaunti ya kando ambayo mwenye hisa hawezi kuigusa wala kuchukua gawio hadi iishe. Kama mwekezaji ataona ni ghali basi akate kwa bei anayomlipa muuzaji, hao ni watu wazima wenye mawakili, watasikizana.

Na usiniambie masharti kama hayo hayawezekani, kwa sababu Mamlaka ya Ushindani imeshawahi kuidhinisha miungano hapa nchini kwa sharti kwamba wafanyakazi wasifutwe kwa muda fulani, na wawekezaji walimeza wakaendelea. Kama mfanyakazi anaweza kulindwa na karatasi ya idhini, aliyevunjika paja naye anaweza.

Kitu kingine ni watu wa polisi za maisha, hasa walimu, wanakatwa kwa payslip mwezi baada ya mwezi kwa ajili ya elimu ya watoto. Kampuni zikiungana namba ya polisi inabadilika, mwenyewe hajui, akifa familia inatembea na karatasi ya jina ambalo halipo tena mlangoni, na pesa ikikosa mwenyewe inaishia kwa ile mamlaka ya mali zisizodaiwa. Meseji moja tu ya simu kwa Kiswahili cha kawaida, kampuni yako sasa inaitwa hivi, namba yako ni hii, klemu yako ya zamani uliza hapa. Benki zinatuma meseji ukitoa hata mia mbili, bima inashindwa na nini?

Halafu zile takwimu za klemu mnazochapisha kila robo mwaka, mimi huwa nazisoma na nawashukuru kwa hiyo kazi, nazitumia hata kuwashauri wateja. Kampuni iliyo kwenye mazungumzo ya kuungana iwekewe alama pale, na baada ya kuungana hesabu ya zile faili za zamani iendelee kuonyeshwa peke yake kwa angalau miaka mitano, isichanganywe na za kampuni mpya. Zikichanganywa zinapotea machoni mwa kila mtu isipokuwa mwenye nazo.

Yule mama saa hii anauza viazi soko la hapa Nakuru. Deni la sacco bado analipa, la gari ambalo halipo. Amekubali nibebe makaratasi yake, hukumu, ile barua ya kampuni iliyokubali kava ilikuwa hai, risiti zote za kila mwezi. Jumatatu nitapanda gari la saa kumi na moja asubuhi nije Zep-Re Place pale Upper Hill, na bahasha nitaiacha mapokezi ikiwa na jina la cheo chako. Naomba igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala moja nirudi nayo nimwonyeshe.

Wako kwa heshima,
Ajenti wa bima, Nakuru