Barua ya wazi kwa Afisa Kazi aliyeniambia nisubiri wiki mbili

Ndugu Afisa Kazi,

Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Jina lako sitaliandika, na la kiwanda sitaliandika. Mkiisoma mtajijua. Mimi ni yule mwanamke uliyemkuta kwenye uwanja wa mashudu ya alizeti tarehe 12 Februari, kajifunga kanga usoni kwa sababu ya vumbi, akakulalamikia kwamba ameshushwa kazi baada ya kuugua, ukamwambia, "Dada'angu, hili ni jambo dogo, nipe wiki mbili." Natumaini u mzima wa afya. Nakuuliza afya kwa dhati, maana ni afya hiyo hiyo iliyonifikisha kwenye mashudu.

Sasa ni Julai. Wiki zako mbili zimeshazaa, na wajukuu zinao. Nimekupigia simu hadi namba yako nimeikariri. Ulipokea mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa kikaoni. Mara ya pili ulikuwa safarini kwenda Kondoa, ukasema ukirudi utanitafuta. Ndugu, barabara ya Kondoa siku hizi ni lami. Hata aliyekwenda kwa baiskeli amesharudi.

Nikukumbushe, kwa kuwa siku ile ulisimama nami kama dakika kumi tu na hukuandika kitu. Nilikuwa karani wa mizani kwa miaka sita. Alizeti ikifika kutoka Kongwa, Bahi, Chemba, kwanza nahakikisha mizani inasoma sifuri, napima gunia, naandika vocha, mkulima anakwenda dirishani kulipwa. Katika miaka hiyo upungufu wangu ulikuwa kilo arobaini, na zilitoka kwenye gunia lililopasuka mbele ya meneja mwenyewe.

Oktoba niliugua. Sioni haya kusema. Siku nne sikulala, niliongea mpaka sauti ikakauka, nikataka kuuza kitanda ninunue trekta. (Nikikumbuka hilo la trekta huwa nacheka peke yangu, ila sasa najifunza kutocheka peke yangu mbele za watu.) Mama na kaka yangu wakanipeleka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Nililazwa wiki tano. Ugonjwa ukapata jina, baipola, yaani hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, nami nikapata vidonge viwili vya kila usiku na kliniki mara moja kwa mwezi. Desemba daktari akaniandikia barua ya kurudi kazini. Imeandikwa kwamba naweza kuendelea na kazi yangu. Haikuandikwa kazi yoyote. Kazi yangu.

Wewe unaishi Dodoma, unajua neno Mirembe linavyotumika hapa. Hospitali ipo tangu 1927, wagonjwa wanaletwa kutoka nchi nzima, lakini sisi wenyeji ndio tumeigeuza tusi la kwenye daladala. Kiwandani zamani waliniita kwa jina la mwanangu, mama fulani. Siku hizi ni Mama Mirembe. Mlinzi ananiita hivyo, vijana wa kupakia wananiita hivyo, na msimamizi anaita kwa sauti ya juu wateja wakiwepo.

Tarehe 6 Januari meneja aliniita ofisini akasema nipumzike kidogo na hesabu. Hakunipa barua, ilikuwa ni mdomo tu. Kupumzika kwenyewe ni kuzoa mashudu kwa beleshi. Kutoka mshahara wa shilingi 380,000 kwa mwezi nikawa kibarua wa shilingi 7,000 kwa siku, na siku usiyofika hailipwi. Siku ya kliniki naandikwa mtoro. Bima ikakatwa, nimeijua siku niliyokwenda kuchukua dawa. Yaani ugonjwa wanaouogopa ndio huo huo wanaoninyima nauli ya kuutibu. Sijui huyo aliyepiga mahesabu hayo alikuwa anawaza nini.

Kwa nini wamefanya hivi? Nimekaa nikawaza sana. Labda ni woga tu. Labda kuna mtu alinitamania kiti, maana kijana aliyenipokea mizani ni wa kwao msimamizi. Na labda, hili nalisema kwa tahadhari, kuna watu walipumua mimi nilipougua, kwa sababu nilikuwa mbishi kwenye suala la sifuri.

Na hapo ndipo lilipo la Jumatano iliyopita, lililonifanya niandike.

Alikuja mzee mmoja kutoka Bahi na magunia kumi na mawili. Nilikuwa napita na beleshi langu, nikaona mizani ikiwa tupu inasoma kilo tatu chini ya sifuri. Nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mdogo wangu, irudishe sifuri kwanza." Kijana akamtazama msimamizi. Msimamizi akamgeukia yule mzee: "Baba usimsikilize huyu, ni mgonjwa wa Mirembe, leo hajameza dawa." Wakacheka wote. Mzee hakucheka. Alinitazama kwa huruma, akasogea pembeni kidogo asiwe karibu nami, akaacha apimiwe. Kilo tatu mara magunia kumi na mawili ni kilo thelathini na sita. Hesabu hiyo kichaa wao aliipiga kichwani kabla gunia la kwanza halijashuka.

Dawa nilikuwa nimemeza, ndugu. Kila usiku nameza.

Kuzoa mashudu si aibu, nimelelewa na jembe. Kinachonimaliza ni kwamba neno langu halihesabiki tena kuwa neno. Nikinyamaza, wanasema leo ameshuka. Nikicheka, imepanda. Nikidai posho yangu ya muda wa ziada, mpigieni simu ndugu yake. Sina tena namna ya kukasirika kama mtu mwingine anavyokasirika. Hata barua hii nimeiandika mara tatu, nikifuta kila mahali nilipopaza sauti, nisije nikakupa sababu.

Siku ile uliniambia sheria inawalinda wenye ulemavu "unaoonekana". Nilikuamini kwa kuwa wewe ndiwe mwenye kitambulisho. Baadaye binti wa jirani yangu hapa Nkuhungu, anayesoma sheria, alinisomea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu, na inasema kumbughudhi mtu kwa sababu hiyo nako ni ubaguzi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inapoeleza ulemavu ni nini, inataja sababu za kimwili, za kiakili na za kijamii. Neno "unaoonekana" tulilitafuta sana. Hatukuliona. Akanisomea pia kwamba mfanyakazi akishaonyesha dalili za kubaguliwa, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kuwa hakubagua. Hilo nalo hukunidokeza.

Nikajifunza vilevile kwamba afisa kazi anaweza kuingia mahali pa kazi bila kutoa taarifa, akahoji watu na kukagua vitabu. Wewe ulikuja kwa taarifa. Uwanja ulifagiliwa tangu asubuhi na tukagawiwa glavu zilizorudishwa stoo ulipoondoka. Ofisini ulikaa saa nzima. Wakati unatoka, kwenye buti ya gari niliona madumu mawili ya mafuta ya alizeti. Sisemi ni nini. Labda ulinunua. Mafuta yetu ni mazuri.

Lakini haya yote nimeyaweza. Nisiloliweza ni lile la siku sitini.

Siku ile nilikuuliza kama niende CMA, kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukaniambia, "Usikimbilie huko, utaharibu, tutalimaliza kirafiki." Kumbe mgogoro kama wangu unatakiwa kufikishwa Tume ndani ya siku sitini. Nihesabu tena, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua. Kuanzia 6 Januari hadi siku ulipokuja zilikuwa zimepita siku thelathini na saba. Zilibaki ishirini na tatu. Wiki zako mbili zingetosha kabisa, na siku tisa zingebaki, kama zingekuwa wiki mbili. Mimi nilikaa nasubiri urafiki, siku zikaisha mwanzoni mwa Machi, na wewe mwenye kuijua sheria hiyo ulikuwa Kondoa.

Naambiwa naweza kuomba niongezewe muda, ila nieleze sababu ya msingi ya kuchelewa. Sababu ya msingi ni wewe. Sasa nikienda kusema afisa kazi ndiye aliyeniambia nisubiri, mwajiri atajibu nini? Atajibu hajameza dawa. Na msuluhishi wa Tume mbele yangu ataona kwenye jalada neno Mirembe, halafu ataona upande wa pili meneja mwenye tai.

Nilikuwa na mengi ya kudai. Nirudishwe mizani. Nilipwe tofauti ya mshahara tangu Januari. Bima irudi. Msimamizi aniombe radhi mbele ya watu wale wale. Mizani ile ikaguliwe. Yote bado nayataka, lakini kwako nimeyapunguza nikabakiza moja lisilo na gharama. Niandikie karatasi. Mistari miwili inatosha: kwamba ulifika tarehe 12 Februari, kwamba nililalamika kwako, kwamba ukaniambia nisubiri. Weka sahihi na muhuri. Usiniandikie kwamba nilibaguliwa, hilo nitalithibitisha mwenyewe. Andika tu kwamba nilisema, nawe ukasikia.

Ukitaka kuileta kwa mkono, nipo uwanja wa mashudu kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, isipokuwa Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Siku hiyo nipo kliniki.

Ni mimi,
Karani wa mizani,
Dodoma.