Saumu, usianze na mavazi

Mkomani, Lamu

Kwa shoga yangu Saumu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, wa kuhofiwa ni nyinyi mlio mbali nasi. Mama anakusalimu, na anauliza kama zile leso zilifika.

Athmani amenipa habari zako. Kumbe umekubali kuwachora wale vijana watatu wanaojivika uhusika, yaani wanaovaa kama wahusika wa hadithi: binti wa wigi la zambarau, kijana wa deraya, na huyu aliyejivika Fumo Liyongo. Nimefurahi mno. Ila wasiwasi umeniingia uliposema utaanza na mavazi kwa kuwa ndiyo magumu. Saumu, usianze na mavazi, tafadhali.

Kila mmoja aje mara ya kwanza na uso mtupu, bila rangi, bila wigi, bila lenzi machoni. Saa moja inatosha kumchora kichwa kwa makaa: upana wa paji, nafasi kati ya macho, nywele zinapoanzia. Rangi ya uso hufuta vivuli vya pua na mashavu, na wigi hufunika nusu ya paji. Ukianzia hapo utapata kinyago kinachoelea, kisichoshikana na shingo. Lenzi za rangi nazo huweza kuifanya mboni ionekane kubwa kuliko ilivyo. Pima kutoka pembe moja ya jicho hadi nyingine, usifuate duara la lenzi, na kivuli cha kope ya juu ukipitishe juu ya rangi yake. Kivuli hicho kikikosekana, binti wa watu atakuwa na macho ya mwanasesere.

Deraya ni sponji kama ile ya kandambili, imekatwa, ikapashwa moto ikakunjwa, ikapakwa rangi ya fedha. Wewe usinunue rangi ya fedha. Chembe zake humeta kila upande, na picha hubadilika kila mtu apitapo mbele yake. Changanya buluu nzito na kahawia ya udongo mpaka ikaribie weusi, kisha ongeza nyeupe kidogo kidogo upate vijivu vitano hivi. Chuma huruka ghafla kutoka weusi hadi weupe. Sponji hupanda polepole, na kingo zake ni butu. Mimi ningeichora sponji kuwa sponji, na maungio ya gundi yaonekane, maana yule kijana ameikata kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa Liyongo. Umesema anataka ule mkao wa mwisho, amepiga magoti kisimani na upinde ameuvuta. Ni zuri, lakini mkono uliovuta upinde hutetemeka kabla hujamaliza hata kiwiko. Ufunge upinde kwa uzi wa nailoni kwenye boriti ya dari, na kamba yake uivute nyuma uifunge kwenye msumari. Yeye atashika tu, wala hatabeba. Mto chini ya magoti, dakika 15 kazi, 5 kupumzika, na uweke alama za chaki palipo magoti ili arudi palepale. Mgeuze robo, la sivyo ngumi ya mbele itamfunika uso. Na uso ndio wenyewe! Mtu anakufa hali amekaza upinde ili watu wamwogope. Hayo yote yako machoni na tayani.

Kuhusu mwanga, vitabu vya Ulaya husema dirisha la kaskazini, lisiloingiza jua moja kwa moja. Kwetu huku, chini kidogo ya ikweta, kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri liko kaskazini. Miezi hiyo tumia upande wa kusini, kisha ugeuze. Ukuta wa chokaa usiwe karibu na unayemchora, hurudisha weupe ukala vivuli vya shavu. Ila wekundu wa joho lake ukipanda chini ya kidevu, uache, ndio unaomvisha kweli.

Kitambaa cha marekani kinafaa, lakini mafuta ya kitani yaliyomo katika rangi za mafuta yakigusa pamba tupu huiozesha. Paka jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, mara tatu, kila mara ukikatisha mkondo wa kwanza, na msasa laini katikati. Tabaka la chini liwe jembamba, la tapentaini. Mafuta yaongezeke kadiri unavyopanda, vinginevyo rangi itapasuka. Masika kitambaa hulegea, kwa hiyo fremu ziwe na kabari pembeni. Fremu zile za mwaka jana hazikuwa nazo, na mpaka leo zinaniuma.

Lile wigi nusura nilisahau: nywele za plastiki hung'aa kwa ukanda mmoja mkali. Uchore ukanda huo, halafu kivuli chake juu ya paji. Paji ulilolipima siku ya kwanza, unaona?

Haya, niambie. Umeshaanza? Wazazi wa binti wameridhia? Utatumia mafuta, au rangi za maji zinazokukaukia kwenye brashi? Liyongo umemkatia kitambaa cha ukubwa gani, na mishale nayo ni ya sponji? Athmani anarudi Jumatano, nimpe makaa na msasa akuletee?

Wako,
Mwanaisha