Barua kwa Mama kabla hajapanda ndege

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku Marekani ni mzima wa afya, wasiwasi ni juu yenu huko nyumbani. Dada kaniambia viza zimetoka na tiketi zimeshakatwa, nikafurahi mno. Ila akaongeza kuwa Baba Mdogo anamtangazia kila mtu kwamba serikali ya huku inanilipa mshahara nipande ndege bure na kukaa dirishani. Naomba umsomee barua hii, na asitoke nje kabla hujamaliza.

Ni kweli, sikati tiketi. Nikionyesha kitambulisho changu cha ukaguzi wa usalama, shirika la ndege halina budi kuniingiza. Injini na mabawa yana wakaguzi wake. Mimi nimekabidhiwa kilicho nyuma ya mlango wa marubani: viti, mikanda, milango ya dharura, mitungi ya kuzimia moto, na zaidi ya vyote wahudumu wenyewe. Kuna siku nashinda kwenye chuo cha shirika nikiwatazama wakifunzwa kuvuta mlango mzito gizani. Siku nyingine, na hizi Baba Mdogo asingezitaka, nashinda mezani nasoma miongozo ya mashirika ukurasa kwa ukurasa.

Watu wengi wanamwona mhudumu kama mtu wa kuleta vinywaji. Sheria ya huku inadai mhudumu mmoja kwa kila viti 50 vya abiria, na haikuwekwa kwa ajili ya vinywaji. Siku ukipanda, mtazame ndege inapoanza kukimbia. Utamkuta kwenye kiti chake cha kukunja, mikanda ya mabegani imekaza, mgongo umenyooka, viganja kavikalia. Usidhani anasinzia. Anapitisha kichwani mlango wake unavyofunguka, atachungulia nini nje kabla hajaufungua, na ni abiria yupi mwenye nguvu za kumsaidia. Mhudumu hodari mimi humjua kwa macho yake: hayatui mahali pamoja.

Niwasimulie kisa kimoja, shirika silitaji. Abiria wameshakaa, milango inakaribia kufungwa, mhudumu wa nyuma akabonyeza kipaza sauti cha mkononi, kile cha betri kisichotegemea spika za ndege, kukijaribu. Kimya. Akabonyeza tena, kimya. Ndege yenye viti zaidi ya 99 sharti iwe na viwili vinavyofanya kazi. Nahodha akaja kunieleza, kwa upole wa kujilazimisha, kwamba spika zimejaa darini ndege nzima. Nikamwambia nimesikia, nasubiri kipaza sauti. Tukakaa mpaka fundi alipoleta kingine, na macho niliyotupiwa siku hiyo, Mama, we acha tu.

Lakini nahodha yule alijua vizuri nilichokuwa nawaza. Tarehe 2 Januari 2024, pale Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines ilitua ikagongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani, ikawaka moto. Watano kati ya sita waliokuwa kwenye ile ndogo walifariki. Kwenye ile kubwa walikuwamo watu 379, na spika zote za darini zilikuwa zimekufa. Wahudumu walitumia vipaza sauti vya mkononi na makoo yao. Milango iliyofaa ilikuwa mitatu tu kati ya minane. Wote 379 walitoka hai, kisha ndege ikateketea yote.

Hapo ndipo nataka unisikilize wewe, Mama, maana najua mkoba wako hauachi hata ukienda kwa jirani. Kabla ndege kubwa haijaruhusiwa kubeba abiria, mtengenezaji anatakiwa aonyeshe kwamba ikijaa, watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, giza limetanda na nusu ya milango imefungwa. Kwenye jaribio hilo lazima wawemo wanawake na watu waliovuka miaka 50, na wanasesere watatu badala ya watoto wachanga. Airbus A380 ilijaribiwa Hamburg mwaka 2006: watu 873 walitoka kwa sekunde 78. Mizigo humwagwa njiani makusudi, lakini hakuna anayetoka kaubeba wake. Sasa wewe uinuke, ufungue kabati la juu, uvute mkoba, wa nyuma yako wakusubiri? Pasipoti na dawa zako za presha zivae mwilini, kwenye kile kimfuko cha shingoni. Mengine yaache yaungue, tutanunua.

Jaketi la kuokolea utalikuta chini ya kiti. Usilijaze hewa ukiwa ndani, hata ukiona wengine wanafanya hivyo. Unakumbuka mwaka 1996 ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaangukia baharini karibu na ufuko wa Ngazidja, huko Komoro? Walikufa watu 125 kati ya 175, na miongoni mwao wamo waliojaza majaketi ndani. Maji yalipoingia yakawainua hadi darini, mlango uko chini, hawakuweza kuzama kuufikia. Maelezo hayo hutolewa kila safari na watu hawasikilizi. Siku hizi mashirika yanatengeneza video za vichekesho na nyimbo ili watu watazame. Mimi sizipendi. Abiria anacheka vizuri sana, ukimuuliza mlango wake uko wapi anageuza shingo.

Kingine, usivue viatu ndege inaporuka wala inapotua. Na ukishakaa, hesabu migongo ya viti kutoka kwako hadi mlango wa karibu, mbele na nyuma, kwa kugusa. Moshi ukiingia, macho hayatakusaidia.

Mwambie Baba Mdogo pia kwamba chooni atakuta kisahani cha majivu ya sigara, na pembeni yake alama ya kukataza sigara. Hawajajisahau. Mkaidi akivuta, ni heri aizime sigara pale kuliko kutupa kichungi kwenye pipa lenye karatasi. Na kisahani hicho nacho nakikagua, acheke anavyotaka.

Sasa kuhusu mdogo wangu. Dada anasema amechagua viti vya mlango wa dharura kwenye ndege ya pili, ile ya shirika la huku, apate pa kunyoosha miguu. Sheria ya huku inataka anayekaa pale awe ametimiza miaka 15, na aweze kuufungua mlango na kufuata maagizo ya mhudumu. Yeye ana 13, urefu wake hausaidii kitu. Dada awabadilishie viti leo, msingoje kuhamishwa mbele ya watu.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Nitakuwa uwanjani kuwapokea.

Mwanao